Nyumba Waliyodhani Haijaisha

Ndugu yangu mdogo alipotuambia kwa simu kwamba anataka kujenga nyumba ya mapumziko kwenye shamba letu la Thika, mama alimuuliza ni nani amechoka. Ndugu yangu alicheka, akaeleza kwamba itakuwa nyumba ya kukodishwa kwa watu wa Nairobi wanaotafuta mahali pa kimya pa kukaa wikendi, na yeye na mkewe watakuwa wakiitumia kila wakija likizo kutoka Italia. Mama alisema sawa. Simu ilipokatika alinigeukia akaniuliza kama nimewahi kusikia mtu akilipa ili akakae mahali pasipo na watu.

Mimi naishi na mama Ruiru, katika nyumba ya kupanga karibu na stesheni ya treni, na nina duka la mapazia mjini, juu ya duka la viatu. Ruiru nyumba mpya zinaisha kila siku, na kila inapoisha moja mtu hupanda ngazi zangu na vipimo vya madirisha kwenye kikaratasi. Nimeshona mapazia ya watu wengi kiasi kwamba nikipita barabarani sioni majengo, naona madirisha. Kwa hiyo habari ya nyumba ya Thika niliipokea kwa furaha, na nikaanza kuwaza rangi za vitambaa kabla hata msingi haujachimbwa.

Ndugu yangu alikuwa amekwenda Italia kusoma, akapata kazi, akapata mke, akabaki. Mkewe, wifi yangu, ni msanifu wa majengo, mwanamke mrefu mwembamba anayetembea kama mtu anayepima chumba kwa miguu. Kiswahili amejifunza kwa ndugu yangu, na ndugu yangu Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa, kile cha kubadilishana r na l. Kwa hiyo tulipata Mwitaliano anayesema "rakini" na "kalibu", na watu wa Thika walimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu hiyo tu.

Shamba lenyewe liko mashariki ya Thika, unatoka barabara ya Garissa unaingia njia ya vumbi. Linateremka taratibu hadi mtoni, na ukisimama pale juu mlima wa Kilimambogo uko mbele yako wote. Baba, Mungu amrehemu, alilinunua pamoja na kaka ya mama, na ndiyo sababu mjomba wetu ni jirani wa shamba. Mjomba alifanya kazi ya kutengeneza mitambo katika kiwanda kimoja Thika hadi alipostaafu, na kustaafu hakukumkaa vizuri. Hawezi kuona kitu kimeharibika akapita. Amewahi kunyoosha geti la mtu aliyekuwa kazini, na mwenye geti aliporudi jioni alidhani amekosea nyumba.

Wifi alipokuja mara ya kwanza kuliangalia shamba, alikaa juma zima bila kuchora chochote. Alivua viatu akatembea kwenye majani. Alikaa juu ya kigoda akitazama jua lilivyokuwa likisogea. Mjomba alimtazama kutoka ng'ambo ya ua, na siku ya tatu akavuka kumuuliza amepoteza nini wasaidiane kutafuta.

Kisha michoro ikatoka, akatafutwa fundi kutoka Witeithie, na kazi ikaanza. Mimi ndiye niliyekuwa jicho la ndugu yangu. Kila Jumamosi nilifunga duka mapema nikaenda kuona kazi imefika wapi, nikapiga picha, nikatuma. Mwanzoni kila kitu kilikuwa cha kawaida: mawe ya Ndarugo, saruji, mchanga. Mambo yalianza kugeuka ilipofika plasta.

Fundi wetu alikuwa mtu wa kujivunia plasta yake. Ukuta wake ulikuwa laini kama sahani, ungeweza kulia chakula. Wifi, ambaye alikuwa amerudi kusimamia sehemu hiyo mwenyewe, alimwambia achanganye chokaa na mchanga na udongo mwekundu wa hapo hapo shambani, apake kwa mkono, asisawazishe. Fundi alipaka, na mkono wake ukasawazisha wenyewe kwa mazoea. Wifi akachukua gunia kuukuu, akalilowesha, akaukwaruza ule ukuta kabla haujakauka hadi ukawa na mabonde. Baadaye fundi aliuliza rangi itakuwa gani ili aagize, akaambiwa hakuna rangi. Sakafu je, itawekwa vigae gani. Hakuna vigae, simiti tu. Paa lilikuwa la vigae vikuukuu vilivyotoka kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa mjini, na wifi alivichagua kimoja kimoja, akikataa vile vilivyokuwa safi.

Kilichomshinda fundi ni mlango. Ulikuwa mlango mkubwa wa chuma, mpya, uliochomelewa vizuri na kuletwa kwa pikapu. Wifi aliagiza ulazwe nje kwenye mvua. Halafu akawa anaumwagia siki na chumvi kila asubuhi, akiuzunguka na ndoo, hadi ukashika kutu wote na kuwa mwekundu kama udongo wa njiani. Jumamosi moja fundi alinivuta kando nyuma ya rundo la mawe.

"Dada, wewe ni mtu wa hapa, niambie ukweli," alisema. "Hawa watu wamekosana?"

Nilimuuliza akina nani.

"Huyu mama na mume wake. Kwa sababu mtu hawezi kununua mlango mpya halafu auue hivyo."

Nilimhakikishia kwamba wanapendana. Hakuniamini, na sikumlaumu.

Mimi mwenyewe zamu yangu ilifika siku madirisha yalipowekwa. Upande mzima wa nyumba unaotazama mto ulikuwa kioo, kutoka sakafuni hadi darini. Sijawahi kuona dirisha kama hilo maishani mwangu. Nilikuja na futi yangu na kitabu cha sampuli za vitambaa, nikamwambia wifi kwamba hii ni zawadi yangu, achague tu. Alinikumbatia kwa muda mrefu. Halafu akaniambia kwamba madirisha hayo hayatakuwa na pazia. Akanyoosha kidole nje kuelekea Kilimambogo, akasema, "Pazia ni ile." Nilitazama. Sina neno na mlima, lakini mlima haufungiki mtu akitaka kuvua nguo. Nilirudisha sampuli mfukoni nikanywa chai.

Nyumba ilipoisha, wifi akarudi Italia na mimi nikabaki na funguo. Sasa ikaanza shida ya mama.

Mama kwao ni mtu wa kuheshimika, mwanachama wa kikundi cha akina mama katika kanisa la kule shambani tangu kilipoanzishwa, na kwa miaka mingi amekuwa akijulikana kama mama wa yule wa Ulaya. Ilikuwa sifa nzuri, haikuwa na kazi yoyote. Lakini nyumba ilionekana kutoka barabarani, kuta zake rangi ya udongo, mlango wake una kutu, bila ua, na watu wakaanza kumpa pole. Kwenye harusi mtu alimuuliza nyumba ya kijana ilikwamia wapi. Kwenye mazishi jirani mmoja alimshika mkono akamwambia asivunjike moyo, kwamba hata wao walikaa miaka bila plasta na Mungu akafungua njia. Mama alianza kushukia kituo kingine akienda shambani, ili asipite mbele za watu.

Jumapili moja alirudi kutoka kanisani akakaa mezani bila kugusa chakula. Nilimuuliza kuna nini. Alisema kwamba katika maombi, mwenyekiti wa akina mama aliomba wakumbukwe wote walioanza kujenga na wakakwama, na wakati wa kusema hayo alifungua jicho moja akamtazama.

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia nyumba imeisha, kwamba hiyo ndiyo mitindo, kwamba huko Italia watu wenye uwezo mkubwa huenda kupumzika mashambani katika nyumba za namna hiyo na wasanifu hulipwa vizuri kuzifanya zionekane kuukuu. Nikatafuta picha kwenye simu: nyumba za mawe zisizo na rangi, milango imechakaa, paa zimeota magugu, na vilima vya kijani nyuma. Mama alivaa miwani akazipitia zote, moja baada ya nyingine, akirudia baadhi. Kisha akanirudishia simu.

"Hawa pia walikwama," alisema.

Huenda mambo yangeishia hapo, lakini ndugu yangu alipiga simu na habari ambazo kwake zilikuwa njema sana. Wangekuja mwezi wa nane, na wangekuja na mpiga picha wa jarida moja la huko, jarida la nyumba nzuri, ambaye angeipiga nyumba picha ndani na nje. Mama alisikiliza, akamwombea safari njema, akakata simu. Halafu akasema kwamba sasa Ulaya yote itaona ule mlango.

Kikao kilifanyika kwa mjomba. Tulikuwa mama, mjomba, akina mama wanne watano wa kikundi, na mimi, ambaye niliitwa kwa sababu ya madirisha. Hoja ilikuwa rahisi. Kijana ameishiwa, ana aibu kusema, mkewe anamfichia kwa kusema ni mtindo, na jamii ipo kwa ajili gani. Tutaimalizia nyumba kabla hawajafika. Nilisema labda tungewauliza kwanza. Mama alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Ukiuliza mtu kama anataka zawadi atasema hapana," alisema. "Hiyo ni heshima tu. Haimaanishi hataki."

Wote walikubali. Nami nilikuwa nimeshaanza kuliwaza lile dirisha kubwa likiwa na kitambaa cha rangi ya dhahabu, na shia nyeupe, lile pazia jepesi la ndani, nyuma yake, kwa hiyo sikubisha tena.

Kazi ilichukua wiki moja, na sijawahi kuona watu wakifanya kazi kwa furaha kiasi hicho. Fundi wa Witeithie aliposikia aliacha kazi nyingine akaja mbio, uso wake kama wa mtu aliyetolewa jela. Aliusawazisha ukuta wote wa mbele kwa chokaa na udongo ule ule hadi ukawa sahani, na akina mama, wakiwa wamejifunga leso, wakaupaka rangi ya malai, ile nyeupe ya kuelekea njano. Chini kabisa, kimo cha magoti, wakazungusha mkanda wa kahawia wa kuzuia matope ya mvua, kama nyumba yoyote ya watu wanaojiheshimu. Kwenye ule uwazi wa mbele, ambao wifi aliuacha ili shamba liingie nyumbani, walipanda ua wa kayaba, ile miti ya miiba, na kuacha nafasi ya geti. Mjomba aliuchukua mlango. Aliusugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akapaka rangi ya mafuta ya malai juu, mara mbili, akatia na komeo tatu.

Halafu kulikuwa na bwawa. Wifi alikuwa amechora bwawa la kuogelea ambalo upande wa bondeni halina ukingo. Maji yanajaa hadi juu na kumwagika taratibu kwenye mfereji uliofichwa, kisha pampu inayarudisha. Mjomba alikuwa amelichunguza bwawa hilo kwa miezi, bila mtu kumwomba, na uamuzi wake ulikuwa kwamba linavuja na kwamba aliyelijenga hakutumia pimamaji. Aliongeza kozi mbili za mawe, safu juu ya safu, upande ule wote, akapiga plasta, na juu yake akapanga vigae vya buluu na vyeupe vilivyokuwa vimebaki bafuni kwake. Maji yakaacha kumwagika. Alijifuta jasho akasema kazi ya watu wasiomaliza ndiyo hii.

Mimi nilitundika mapazia. Sitajifanya mnyenyekevu: ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Yalianguka kutoka darini hadi sakafuni kwa mikunjo mikubwa, na kamba za kufungia zenye vishada, na juu kipande cha urembo kilichopinda kama mawimbi. Mlima haukuonekana tena hata kidogo. Mama alitandika vitambaa vyake vya kufuma juu ya viti. Tulipomaliza tulitoka wote tukasimama barabarani kuitazama, na mama akalia.

"Sasa ni nyumba," alisema.

Siku ya kuwasili akina mama walivaa sare na kupanga mistari mbele. Tuliliona gari likija kwenye vumbi. Lilipunguza mwendo lilipotufikia, tukaanza kuimba, na likapita. Liliendelea moja kwa moja, likapanda kilima kidogo kilichoko mbele, na likasimama huko. Nyimbo zilififia. Kisha gari likaanza kurudi nyuma polepole sana, na ndugu yangu alikuwa ametoa kichwa dirishani akitazama ua wa kayaba kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

Wifi alishuka. Mpiga picha alishuka upande mwingine, bwana mwenye upara na mifuko mingi, akatamka neno moja la Kiitaliano ambalo ndugu yangu hadi leo amekataa kunitafsiria. Wifi alisimama tu. Mwishowe aliuliza mlango uko wapi. Mjomba, kwa fahari, akaugonga kwa vifundo vya vidole.

"Ni hii hii," alisema. "Tuliitibu."

Wifi aliushika. Akapitisha kiganja ukutani, malai yote, hadi kwenye kona. Akaingia ndani, na kwa muda tukamsikia akihangaika katikati ya shia na pazia, akitafuta pa kutokea. Alipotoka upande wa pili alifika bwawani, akaona ukuta wa mjomba na vigae vyake vya bafuni, akakaa juu yake, akajifunika uso kwa mikono. Mabega yalikuwa yakitetemeka.

Vigelegele vilipigwa vya kutikisa mlima. Akina mama walimzunguka, wakamkumbatia mmoja mmoja kwa zamu, na wengine wakalia naye. Mwenyekiti alishukuru kwa maombi kwamba kazi ya mikono yao imempendeza. Ndugu yangu alinisogelea akaninong'onezea, bila kunitazama, "Si ni wewe ulikuwa na funguo." Nilimjibu kwamba yeye alikuwa na simu, na katika miaka yote ya ujenzi hakuwahi kumweleza mama chochote zaidi ya kwamba mambo yako sawa.

Tulikula. Kulikuwa na mbuzi na mukimo, na wifi alikula kila alichopewa, akamshukuru kila mtu, akasema "asante muno" hadi sauti ikamkauka. Mpiga picha alirudia sahani, kisha akachukua kamera yake akaanza kuwapiga picha akina mama, na wao hawakuhitaji kubembelezwa.

Kesho yake asubuhi mama aliniamsha nimpeleke Thika. Alikuwa ameshavaa. Tulipokaribia alisema kwamba kile kilio hakikuwa cha furaha. Nilimuuliza amejuaje. Alisema amezaa na amezika, na vilio anavijua.

Tulimkuta wifi amepiga magoti mbele ya mlango akikwangua rangi kwa kijiko. Alipotuona alikificha nyuma kama mtoto. Mama alijikalisha kwenye ngazi, akapapasa jiwe la kando yake, na wifi akakaa.

"Niambie," mama alisema. "Kwa nini ulitaka watu wakuone kama maskini?"

Wifi alifikiri namna ya kusema. Maneno yake nayakumbuka yote kwa jumla, si moja moja. Alisema kwamba babu yake alikuwa mkulima, huko kwao kwenye vilima, na kila likizo wazazi wake walimpeleka kukaa naye. Nyumba ilikuwa ya mawe, plasta rangi ya udongo, imekwaruzika kwa sababu babu aliipaka mwenyewe na hakuwa fundi. Mlango wa mbele ulikuwa wa chuma, aliutoa kwenye zizi la ng'ombe, na ulikuwa umeshika kutu kabla wifi hajazaliwa. Asubuhi alikuwa akiusikia ukifunguka, anajua babu anakwenda kukamua. Babu alipokufa nyumba ilifungwa, na hakuna katika ukoo aliyetaka kulima. Alipokuja kuona shamba letu mara ya kwanza aliona mteremko ni ule ule, na jua linaingia upande ule ule. Basi akaichora jinsi anavyoikumbuka.

"Mimi sikutaka ikae mpya," alisema. "Nilitaka ikae kama ile."

Mama akautazama mlango, akautazama ukuta.

"Kumbe hii ni nyumba ya guka yako," alisema, akimwita babu kwa lugha ya kwetu.

Wifi alitikisa kichwa kukubali.

"Sasa si ungesema, mtoto wangu. Unasema mtindo, mtindo. Mtindo mtu yeyote ataubadilisha. Ungesema ni ya guka, nani angeigusa?"

Na kweli, neno hilo lilipopita kijijini hakuna aliyebisha. Kabla ya saa sita mwenyekiti wa akina mama alikuwa amefika kuomba radhi, na kuuliza huyo guka alikuwa wa kanisa gani. Mjomba ndiye aliyechukua muda. Mlango alikubali kuukwangua, na kuumwagia siki alikubali pia, ingawa alifanya hivyo akiwa amegeuza uso. Lakini bwawa alikataa kubomoa. Nyumba ya guka sawa, alisema, lakini guka gani mkulima alikuwa na bwawa la kuogelea, tena linalovuja?

Ndugu yangu alimwomba abomoe kozi za mawe sehemu moja tu, kwa majaribio, naye akakubali shingo upande. Maji yalipojaa tena hadi juu, ndugu yangu alivua shati akaingia, akamwita mjomba aingie atazame kutokea humo. Mjomba alikunja suruali, akaona haitoshi, akaingia nayo hivyo hivyo, na kofia yake kichwani, hadi maji yakamfika kifuani. Ndugu yangu alimgeuza atazame bondeni, macho sawa na maji. Tulisubiri. Alikaa hivyo muda mrefu hadi mama akauliza kama yuko salama.

"Maji inaingia kwa mlima," mjomba alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

Aliubomoa ukuta wake uliobaki mwenyewe siku hiyo hiyo. Tangu hapo huja kila Jumamosi kulikagua bwawa, na ukaguzi huo hufanyika akiwa ndani.

Ukuta wa mbele ulibaki. Wifi alitaka kuusugua wote, lakini mpiga picha alimsihi auache, na mwishowe alimkubalia kwa sababu chokaa iliyoko chini ingeitema ile rangi yenyewe kwa mvua chache. Ndivyo ilivyokuwa. Leo umekuwa na mabaka, malai hapa, udongo pale, na wifi anadai umekuwa mzuri kuliko alivyouchora. Jarida lilipotoka lilikuwa na kurasa kadhaa za nyumba, lakini picha kubwa kuliko zote ilikuwa ya akina mama wa kanisa wamepangana mbele ya ukuta, sare zao na ule mkanda wa kahawia magotini. Wasanifu wenzake walimpigia simu wifi kuuliza ule mkanda ni wazo la nani. Mmoja wao, nasikia, ameupaka kwenye nyumba za wateja wake katika vilima vya huko na anauita wa Kiafrika.

Mapazia ya sebuleni nilirudishiwa yakiwa yamekunjwa vizuri. Ya vyumba vya kulala yalibaki, na sababu ni wageni wa kwanza, mke na mume vijana kutoka mtaa wa Kahawa Sukari, walionipigia simu kabla hata hawajafungua mizigo. Chumba chao kilikuwa bado hakijarudishiwa pazia baada ya kufuliwa. Mume aliniambia kwa adabu kwamba mandhari ni nzuri sana, ila kuna ng'ombe wanne wamesimama dirishani na mke wake hawezi kubadilisha nguo.

Mwaka uliofuata wifi alimwalika mama Italia aione nyumba yenyewe, ile ya babu. Mama alisumbuka juu ya viatu na juu ya baridi, ambayo ndugu yangu alisema haipo wakati huo, na akaenda akiwa amevaa sweta mbili. Kwa siku kadhaa hatukusikia kitu. Kisha akanitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Alisema amefika salama, kwamba watu wa huko wanabusu sana, kwamba wanakaa kwa chakula cha mchana hadi mtu anasahau alikuja kufanya nini. Nyumba ya guka ameiona. Imesimama vizuri, plasta imekwaruzika kama alivyosikia. Lakini shamba la nyuma, alisema, na hapo sauti yake ikabadilika, shamba la nyuma limejaa magugu hadi kiunoni, ardhi nyeusi, yenye rutuba, imelala bure, na watu wamekaa kivulini wanakula zabibu. Alikuwa amewaomba jembe. Walimletea kitu kidogo cha kupalilia maua, akawarudishia.

Picha ilifuata baada ya juma moja. Mama amesimama kwenye mteremko, sweta moja tu, kofia ya majani ya mtu mwingine kichwani, na mkononi jembe la kweli ambalo sijui alilipata wapi. Nyuma yake kuna matuta yaliyonyooka, na wifi, na shangazi zake wawili wa makamo wenye miwani ya jua, wote wameinama, wanapanda maharagwe.